Kompresa ya AC ya Gari Haishiki: Tafuta Tatizo Hatua kwa Hatua Kabla ya Kuongeza Gesi

Unabonyeza swichi ya AC, taa yake inawaka, feni ya ndani inavuma, lakini hewa inayokupiga usoni ni ileile ya joto. Unafungua boneti na kutega sikio usikie ule mlio mdogo wa "tak" ambao kompresa, pampu inayosukuma gesi ya AC, huutoa inaposhika. Kimya. Wengi tukifika hapo jibu tunalo tayari: gesi imeisha. Huenda ni kweli. Ila nimeshuhudia magari yakiongezewa gesi mara mbili, mara tatu, kumbe ugonjwa ni waya ulioliwa na kutu au mwanya uliozidi kwa kama nusu milimita. Gari langu mwenyewe limo katika hesabu hiyo, nitalisimulia huko mbele.

Klachi ya kompresa, kiungo kinachoishikisha kompresa na injini, haina akili yake. Ikipewa umeme inashika, ikinyimwa inaachia. Basi usianze kwa kuuliza kwa nini hakuna ubaridi. Uliza nani kainyima klachi umeme, na kwa sababu gani. Ukilifuata swali hilo, maltimita ya kawaida (kifaa cha kupima umeme) na kipande cha waya vitakufikisha mbali kuliko chupa ya gesi.

Umeme unapitia wapi

Mbele ya kompresa kuna puli inayozungushwa na mkanda wa injini. Puli hiyo ina beringi yake, kwa hiyo huzunguka muda wote injini inapowaka, hata AC ikiwa imezimwa. Mbele ya puli kuna sahani ya chuma iliyofungwa kwenye shafti ya kompresa, na nyuma ya puli kumejificha koili. Koili ikipata volti 12 inageuka sumaku, inaivuta sahani ibanane na puli, na hapo ndipo shafti inapoanza kuzunguka. Kati ya sahani na puli kuna mwanya mwembamba, kwa kompresa nyingi ni kati ya milimita 0.3 na 0.7. Ukumbuke mwanya huo.

Swichi ya dashibodi haipeleki umeme kwenye koili moja kwa moja. Yenyewe inaomba tu. Feni ya ndani lazima iwe inazunguka. Sensa ya evapora, kile kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi, lazima iseme hakuna barafu. Swichi ya presha lazima iseme gesi ipo na haijapita kiasi. Kisha kompyuta ya injini inatoa ruhusa, na inaweza kukataa kama injini inachemsha au umekanyaga mafuta hadi mwisho. Wote wakikubaliana, rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, inafunga na umeme unapita kwenye fyuzi hadi kwenye koili. Mmoja akigoma, hakuna "tak".

Kabla hujagusa chochote

Hakikisha kwanza kwamba gari lako lina klachi ya kushika. Kompresa nyingi za siku hizi hazina. Shafti yake huzunguka moja kwa moja na puli, na kiasi cha ubaridi hurekebishwa na vali ya umeme iliyo nyuma ya kompresa. Kwenye gari la namna hiyo utasubiri mlio hadi jioni na hutausikia, si kwa sababu ni bovu. Ukitazama mbele ya puli ukaona kitovu kinazunguka pamoja na puli hata AC ikiwa imezimwa, na soketi ya waya iko nyuma ya kompresa badala ya karibu na puli, gari lako ni la kundi hilo na vipimo vya klachi vilivyo hapa havikuhusu.

Magari ya haibridi na ya umeme mengi yana kompresa inayoendeshwa na umeme wa volti mia kadhaa. Ukiona nyaya nene za rangi ya machungwa zinaingia kwenye kompresa, funga boneti umpelekee fundi aliyesomea kazi hiyo. Hapo hakuna cha kujaribu.

Mengine ni ya kawaida: funga nywele, vua tai na cheni, kunja mikono ya shati, na kumbuka kwamba feni ya rejeta inaweza kuanza ghafla hata injini ikiwa imezimwa. Kila unapoigusa vali ya gesi, vaa miwani. Gesi ya R-134a huchemka kwenye nyuzi -26 za selsiasi; tone moja likiingia jichoni linagandisha.

Hatua ya 1: Tumia macho

Injini ikiwa imezimwa, kagua mkanda upo na umekaza. Zungusha sahani ya mbele ya klachi kwa mkono. Inapaswa kuzunguka kwa uzito kidogo, bila kukwama na bila kusaga. Ikiwa imeganda kabisa, kompresa imekufa ndani na umeme wowote utakaoupeleka utaishia kuunguza mkanda. Ikizunguka kwa sauti ya mchanga, ujue vyuma vimeanza kulana.

Tazama soketi ya klachi. Ipo mahali pabaya, chini, inakopigwa na maji na matope ya barabara. Ichomoe uangalie pini zake: rangi ya kijani ni kutu ya shaba, rangi ya kahawia na plastiki iliyoyeyuka ni dalili ya kuungua. Fuata waya wake kadiri jicho linavyofika, hasa pale unapopita karibu na mkanda.

Kagua pia viungio vya mabomba ya AC na uso wa kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo panapovuja gesi huachwa doa la mafuta lililokamata vumbi. Doa kama hilo ni ushahidi mzuri, na halina gharama.

Jambo moja la mwisho kabla ya kuchukua maltimita: taa ya swichi ya AC ikoje? Kwenye baadhi ya magari, hasa ya Toyota ya miaka iliyopita, taa inayowaka na kuzima yenyewe ina maana. Kompresa ina sensa inayohesabu mizunguko yake, na kompyuta ikiona kompresa inazunguka polepole kuliko injini inavyotaka, inaikata na kuipepesa taa. Hapo shuku mkanda unaoteleza, klachi inayoteleza, kompresa inayoganda, au sensa yenyewe.

Hatua ya 2: Pima kwenye soketi ya klachi

Kipimo hiki ndicho kinachoigawa kazi mara mbili, nami sioni kwa nini mtu aanze na kingine. Washa injini, washa AC kwenye baridi ya mwisho, feni ya ndani iwe namba ya juu. Weka maltimita kwenye volti za DC.

Wengi hukosea hapa: huchomoa soketi, hupima pini, huona volti 12, kisha huhukumu kwamba waya ni mzima. Waya uliobaki unywele mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 bila shida yoyote kwa sababu maltimita hainywi umeme. Klachi inakunywa, kiasi cha ampea 3 hadi 4, na unywele ule hauwezi kuzipitisha. Kwa hiyo acha soketi ikiwa imechomekwa, ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi mpaka iguse chuma cha waya, upime klachi ikiwa inadai umeme. Ncha nyeusi iweke kwenye hasi ya betri.

Ukisoma volti zinazokaribia za betri, umeme unafika na tatizo liko kwenye klachi au kwenye ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Ukisoma sifuri, umeme unakatwa njiani. Ukisoma volti 6 au 8, kuna kutu au muunganisho uliolegea mahali fulani kati ya betri na klachi.

Umeme unafika lakini klachi haishiki

Kama klachi ina nyaya mbili, pima na ule wa pili. Waya wa ethi ukisoma volti 12 badala ya karibu sifuri, ethi imekatika: umeme unaingia na hauna pa kutokea. Klachi za waya mmoja hupata ethi kupitia mwili wa kompresa, na bolti zilizoshika kutu kwenye mabano zinatosha kuiharibu.

Ethi ikiwa nzuri, zima injini, chomoa soketi, pima omu za koili. Koili nyingi husoma kati ya omu 3 na 5. Ikisoma njia imekatika kabisa, koili imekufa, ingawa baadhi ya koili zina fyuzi ya joto ndani yake ambayo hukatika klachi ikichemka sana. Ikisoma chini ya omu 2, ina shoti ndani, na pengine ndiyo inayokuunguzia fyuzi.

Koili ikiwa nzima, umeme upo, ethi ipo, na bado sahani haisogei? Rudi kwenye ule mwanya.

Gari langu lilikuwa na tabia moja. Asubuhi AC inapoza vizuri. Baada ya nusu saa kwenye foleni inakata, na hairudi mpaka nipaki. Nikaenda kwa fundi. Gari likasubiri zamu yake saa nzima boneti ikiwa wazi, akafunga geji za kupima presha ya gesi, akaongeza gesi kidogo, akawasha, baridi tele. Siku tatu baadaye tatizo lilelile, fundi yuleyule, gesi tena, baridi tena. Haikunijia akilini kwamba kilichoitibu AC ni ile saa ya kusubiri. Koili ilikuwa inapoa.

Koili ikipata moto ukinzani wake hupanda, umeme unaopita unapungua na sumaku inadhoofika. Mwanya ukiwa umetanuka kwa miaka ya kulika, sumaku ya baridi inaweza kuivuta sahani lakini sumaku ya moto inashindwa. Na ile gesi ya ziada ilizidisha tu mzigo wa kompresa.

Kujaribu hili ni rahisi na hakuhitaji kitu chochote kinachozunguka. AC ikigoma gari likiwa la moto, zima injini. Chomoa soketi ya klachi, peleka umeme wa chanya ya betri kwenye koili kwa waya wenye fyuzi ya ampea 10, na ethi kwenye pini ya pili kama ipo. Sahani isiposogea, isukume kidogo kuelekea puli kwa kijiti cha mti. Ikinata kwa "tak" na kubaki imenata, umepata mgonjwa wako. Yangu ilinata hivyo.

Pima mwanya kwa filageji, zile bapa nyembamba za chuma, sehemu tatu za mzingo wa sahani. Yangu ilisoma milimita 1.1. Fungua bolti ya katikati, vuta sahani, na ndani yake utakuta washa nyembamba, moja au zaidi, zinazopanga mwanya. Toa moja, rudisha sahani, pima tena. Kama hakuna washa ya kutoa, au uso wa sahani umechimbika na kuungua rangi ya bluu, badilisha seti nzima ya klachi. Usipunguze mwanya hadi sahani iguse puli. Itasagana muda wote na kuunguza beringi.

Umeme haufiki

Anza na fyuzi. Mchoro wake uko chini ya kifuniko cha kisanduku. Usiiangalie kwa macho tu, ipime pande zote mbili. Fyuzi ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampea zilezile, wala usiongeze. Ikiungua tena mara tu AC inapowashwa, chomoa soketi ya klachi ujaribu tena. Fyuzi ikipona, shoti iko kwenye koili au kwenye dayodi ndogo inayofungwa sambamba nayo kwenye baadhi ya magari. Ikiungua hata hivyo, ni waya uliogusa bodi.

Kisha rilei. Mara nyingi kisanduku hichohicho kina rilei nyingine ya namba ileile, ya honi kwa mfano. Zibadilishane. Kama AC imerudi na honi imekufa, kazi imekwisha.

Kama haikurudi, chomoa rilei ya AC na utazame matundu yake. Rilei nyingi zimeandikwa namba chini: 30 na 87 ni njia ya umeme mkubwa, 85 na 86 ni koili ya rilei yenyewe. Pima tundu la 30. Linapaswa kuwa na volti za betri. Halafu unganisha 30 na 87 kwa waya wenye fyuzi, kwa sekunde mbili tatu tu, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa mahali pa kuwasha. Klachi ikilia "tak", waya wote kutoka rilei hadi klachi ni mzima. Kinachokosekana ni amri. Isipolia, tafuta kati ya hapo na soketi.

Presha: hapa ndipo gesi inapoingia kwenye mazungumzo

Amri inapokosekana, mshukiwa wa kwanza ni presha, maana swichi ya presha imewekwa makusudi ili kompresa isizunguke bila gesi. Gesi ndiyo inayobeba oili. Kompresa ikizunguka kavu inajila yenyewe.

Funga geji kwenye gari lililopoa, injini ikiwa imezimwa kwa muda, AC haijaguswa. Soma kwanza kibandiko kilicho chini ya boneti kinachotaja aina ya gesi. Magari mengi ya tangu katikati ya miaka ya 1990 yanatumia R-134a, mapya mengi yanatumia R-1234yf, na viungio vya geji vya hizo mbili havifanani, usilazimishe.

Kwenye mfumo wa R-134a uliotulia, upande wa juu na wa chini husoma presha moja, na presha hiyo inafuata joto la mahali. Kwenye nyuzi 20 za selsiasi ni kama psi 68 (psi ni kipimo cha presha), nyuzi 25 ni psi 82, nyuzi 30 ni psi 97, nyuzi 35 ni psi 114. Ukisoma psi 10 au sifuri, gesi imetoka na swichi ilikuwa na haki yake ya kukataa. Ukisoma namba ya kawaida, gesi inatosha kuruhusu klachi ishike. Zingatia neno hilo, kuruhusu. Maadamu kuna gesi ya majimaji ndani, hata kidogo, presha ya mfumo uliotulia itakuwa ileile, kwa hiyo kipimo hiki hakikwambii kama ujazo ni kamili.

Presha ikiwa nzuri na klachi bado haina amri, ijaribu swichi yenyewe. Ukiona ina nyaya mbili, kwa kawaida ni swichi ya kufunga na kufungua: chomoa soketi, pima mguso wake kwa omu. Presha ikiwepo inapaswa kuwa imefunga. Ukiunganisha nyaya zake kwa kipande cha waya na klachi ikashika, swichi ni mbovu. Ila fanya hivyo baada ya kuona gesi kwenye geji, si kabla, na kwa sekunde chache tu.

Ikiwa na nyaya tatu, usiunganishe kitu. Hiyo ni sensa: waya mmoja unaleta volti 5 kutoka kompyuta, mmoja ni ethi, wa tatu unarudisha taarifa. Hakikisha volti 5 na ethi vipo, kisha soma waya wa taarifa ukiwa umechomekwa. Ukikaa kwenye sifuri au kwenye 5 kamili wakati geji inaonyesha presha ya kawaida, sensa au waya wake ndio mwongo.

Presha nzuri, rilei nzuri, kompyuta inakataa

Hapa mashine ya kusoma kompyuta ya gari inaokoa muda mwingi. Tafuta ukurasa wa taarifa za moja kwa moja, uone kama ombi la AC linafika unapobonyeza swichi. Lisipofika, tatizo ni swichi ya dashibodi, paneli ya AC, au feni ya ndani isiyozunguka.

Likifika na kukataliwa, tazama joto la evapora. Sensa yake hupandisha omu kadiri baridi inavyozidi, na kompyuta huikata kompresa ikikaribia nyuzi chache juu ya sifuri ili barafu isizibe evapora. Sasa fikiria waya wa sensa umekatika. Omu zinakuwa nyingi mno, na kompyuta inasoma baridi kali ya ajabu. Gari liko juani, kompyuta inaamini evapora imeganda! Ukiona joto la evapora limeandikwa nyuzi -30 au -40 mchana kweupe, usitafute kwingine. Tazama pia joto la injini. Sensa ya maji inayodanganya kwamba injini inachemsha itaizuia AC vilevile.

Kama klachi hushika kwanza kisha ikakata baada ya dakika moja au mbili, hasa ukiwa umesimama, angalia feni ya kondensa. Feni ikiwa imekufa, presha ya upande wa juu inapanda hadi swichi inaikata kompresa. Mwagia kondensa maji. AC ikirudi mara moja, feni hiyo ishughulikiwe kabla ya yote.

Kama kweli ni gesi

Mfumo wa AC umefungwa, gesi haichakai kama oili ya injini. Ikiwa imeisha kabisa, kuna tundu, na kujaza bila kuziba ni kumwaga maji kwenye pakacha. Paka povu la sabuni kwenye viungio na kwenye vali za kujazia, ambazo huvuja kuliko watu wanavyodhani, au tumia rangi maalumu na tochi yake. Zile chupa zenye dawa ya kuziba matundu siziamini. Mafundi wengi hawataki hata kuunganisha mashine zao kwenye mfumo uliotiwa dawa hiyo.

Tundu likizibwa, mfumo unavutwa hewa yote kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, unaachwa uonekane kama unashikilia, kisha gesi inaingizwa kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Asikuridhishe fundi anayejaza kwa kugusa bomba na kusema limepoa. Oili nayo iwe ya aina iliyotajwa, na gesi iliyobaki ndani ivutwe kwenye mashine, isiachiwe hewani.

Mwisho, tembeza gari nusu saa mpaka kila kitu kipate moto, kisha simama, acha injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, na uzime na kuwasha AC mara tano. Tega sikio: kila mara lazima usikie "tak".